Dawudi Marjan, Fundi Aliyelipima Tangi Likiwa Tupu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Dawudi Marjan anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika gereji ya Shirika la Afya Njiani, hapa Kansanga, Kampala. Aliajiriwa mwaka 1994 kuosha magari. Anaondoka akiwa mkuu wa gereji.

Waliofanya naye kazi wanajua mambo yake madogo madogo. Spana zake haziazimwi. Ukihitaji namba kumi na saba, atakuja mwenyewe, ataifungua hiyo nati, kisha ataondoka na spana yake mfukoni. Ijumaa akitoka kuswali hupitia Ggaba kununua samaki, na Jumamosi gereji nzima hula sato wa kukaanga kutoka jikoni kwa mkewe, Mama Rukiah. Miaka mingi tulimwita Haji ilhali hajawahi kwenda Makka, naye aliitika tu. Alipokwenda kweli, alirudi akakuta tumeshazoea kumwita Mzee.

Mwaka 1998 alipanda kuwa fundi msaidizi, na mwaka 2004 fundi kamili. Amefundisha mafundi kumi na wanne, baadhi yao sasa wana gereji zao mjini. Mwaka 2011 lori letu la dawa liliharibika njiani; aliifungua injini yake kando ya barabara, akaiunganisha tena kwa siku mbili, turubai juu ya kichwa na mvua ikinyesha.

Nilipomweleza kwamba mimi, Huguette wa stoo ya vipuri, ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu, nilimuuliza ni jambo gani lisikose. Nilidhani atataja lori. Akasema, "Andika ile ya tangi," akarudi chini ya gari. Basi naandika ile ya tangi.

Mwaka 2017 tulikuwa bado na lile gari la jipu, yaani jeep, la mwaka 1989, lililozoea njia za kaskazini kuliko gari letu lingine lolote. Tangi lake la dizeli lilikuwa limeoza kwa kutu, na kwa kuwa lilining'inia chini mno, mawe ya njiani yalikuwa yamelibonyeza kila upande. Tangi la kiwandani halikupatikana. Mzee Dawudi alichukua vipimo, akawapa wachomeleaji wa Katwe watengeneze jipya. Akili ya ziada aliiongeza mwenyewe: tangi jipya liwe pana zaidi, lakini kina chake kipungue vidole vinne, mawe yasilifikie tena. Lilikuwa wazo zuri. Alilifunga, akahamishia humo kipimo cha zamani, yaani ule mkono wa chuma wenye boya linaloelea juu ya mafuta na kuipa geji habari. Akalijaza pomoni. Mshale ukapanda mpaka juu. Akatia sahihi kwamba kazi imekamilika.

Wiki tatu baadaye, dereva wetu Olanya alitoka Kampala asubuhi kwenda zahanati moja nje ya Gulu. Alikuwa na muuguzi Lamwaka na sanduku la chanjo lililopangwa barafu. Geji ilionyesha nusu tangi. Kwa jipu lile, nusu tangi ilifika Gulu, na huko ndiko walikopangiwa kujaza. Hawakufika. Kabla ya daraja la mto Kafu injini ilikohoa ikazima, huku mshale ukiwa juu kidogo ya robo.

Olanya alifungua boneti, akatafuta kila tatizo isipokuwa mafuta, maana mafuta geji ilisema yapo. Alipokuja kutumbukiza kijiti ndani ya tangi, kilitoka kikavu. Boda boda ikaenda kutafuta dizeli, na ilipopatikana ilibidi kwanza kutoa hewa iliyoingia kwenye mabomba. Walikaa juani kwa muda wa saa tano. Barafu iliyeyuka yote. Lamwaka alilazimika kuitupa chanjo yote, na akina mama waliotembea kutoka mbali wakarudi nyumbani na watoto wao bila kuchanjwa.

Ofisini jambo lilionekana wazi: gari limeondoka na nusu tangi, limekauka nusu ya safari, basi dereva ameyauza mafuta. Dereva mwingine alikuwa amefukuzwa kwa kosa hilohilo mwaka uliotangulia. Olanya alisimamishwa kazi na kupewa barua ajieleze ndani ya siku saba kwa nini asiachishwe. Alikuwa na mwaka mmoja tu kazini, na mkewe alikuwa mjamzito. Alijieleza, lakini hakuwa na la kusema zaidi ya kwamba geji ilionyesha mafuta yapo, na hakuna aliyemsadiki.

Mzee Dawudi alisoma nakala ya barua ile ubaoni. Alikuja stoo akaniomba boliti nne na mpira mpya wa kuzibia mdomo wa tangi, na nilipomuuliza ni za nini, akajibu kwamba kuna jambo anataka kuliangalia. Alilishusha tangi, akalimwaga mpaka tone la mwisho, akaliweka sakafuni. Kisha akaunganisha kipimo kwa waya mpaka kwenye gari na kufungulia swichi. Tangi lilikuwa tupu kabisa. Mshale ukapanda, ukasimama juu kidogo ya robo.

Mkono wa boya ulitengenezewa tangi la kina kirefu. Katika hili jipya boya liligota chini mapema, na geji ikaendelea kusema robo ipo. Hakuna mtu mwingine aliyejua kwamba kipimo kilikuwa cha zamani. Angeweza kukirekebisha kimyakimya na kulirudisha tangi mahali pake. Tena wiki ileile jina lake lilikuwa mezani ili awe mkuu wa gereji.

Alikwenda kumwita mkurugenzi wetu, Madamu Florence, akatuma na Olanya aitwe kutoka kwake. Tulisimama sote uani saa sita mchana. Akafungulia swichi tena, tukauona mshale ukipanda. Kisha akasema: "Madamu, Olanya hakuiba. Geji ndiyo ilimdanganya, na geji ni kazi yangu. Hii tangi nilipima ikiwa imejaa. Ikiwa tupu, sikupima."

Madamu Florence aliuliza ni nani mwingine aliyejua. "Mimi tu," akajibu.

Olanya alirudishwa kazini siku hiyohiyo. Mzee Dawudi alipewa barua ya onyo, na cheo kikaenda kwa mwingine. Alikuja kukipata miaka mitatu baadaye. Sikumsikia akilalamika. Alifupisha mkono wa boya, akaujaribu, akaufupisha tena. Akakwangua kutu pale waya unapofungwa kwenye bodi, maana ndiyo iliyokuwa ikiutetemesha mshale. Kisha akajaza dizeli lita tano tano, kila mara akitia alama kwenye karatasi, mpaka geji na tangi vikasema neno moja. Tangu siku hiyo hakuna tangi linalotoka gereji hii bila kupimwa tupu kwanza.

Chanjo nyingine ilipopatikana, aliomba kwenda nayo. Alikaa kando ya Olanya mpaka Gulu, na pale zahanati akawaomba radhi akina mama, Olanya akitafsiri kwa Kiacholi. Bibi mmoja alimsikiliza hadi mwisho, akamsogezea kigoda, akasema mtu aliyetoka Kampala kuja kuomba msamaha wa tangi lazima amechoka. Watoto walichanjwa wote. Lamwaka anasema Mzee ndiye aliyewashika waliokuwa wakilia, na kwamba hakuwa na ujuzi wowote wa kazi hiyo.

Katika miaka yangu hapa nimeona mafundi wengi hodari, na wengi wao wanaweza kukuambia kosa la fundi aliyewatangulia. Huyu alituonyesha kosa lake mwenyewe, lingali limeunganishwa na waya, mbele ya yule aliyekuwa karibu kufukuzwa kwa sababu ya kosa hilo.

Mzee Dawudi, tunakushukuru kwa kila gari lililofika na kila fundi uliyemlea. Mwenyezi Mungu akupe afya na mapumziko, wewe na Mama Rukiah, huko nyumbani Bombo, na siku zako ziwe nyingi na tulivu. Gari la kuwapeleka litaondoka saa nne, mara baada ya sherehe. Madereva watatu walijitolea kuliendesha. Olanya aliwaomba wamwachie, nao wakamwachia.