Mtaalamu Namba Tisa wa Bi. Agatha

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Agatha Lupakisyo anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo chetu cha mipango. Tulijiona tunamjua. Kumbe wapi!

Alianzia Mikumi akiwa karani wa takwimu, akihesabu malori ya barabara kuu huku akifukuza nyani walionyemelea chapati zake. Alipohamia Kilosa akawa afisa mipango, na ndiye aliyetuletea utaratibu wa kukusanya maoni ya wataalamu kwa ajili ya mpango wa miaka ishirini. Kila mtaalamu alipewa namba badala ya jina, akajibu kwa maandishi. Majibu yalisambazwa kwa wote, kisha kila mmoja akaulizwa tena kama bado ana msimamo uleule. Wakubwa hawakuupenda, maana namba haina cheo. Ukimdodosa Bi. Agatha jina la mtu, alikuuliza habari za nyumbani.

Mwaka 2016 tulitafuta eneo la shule mpya Kidodi. Kati ya wataalamu kumi na wawili, kumi na mmoja tulichagua tambarare ya kando ya mto, na mimi mhandisi nilikuwa mbele kabisa. Namba Tisa peke yake alikataa: "Hapo mnapopataka, masika ng'ombe hawakubali kulala. Kwato zinazama." Tukaamini huyo ni profesa wa mifugo kutoka Morogoro. Raundi ya tatu wote tukahamia kilimani.

Wiki iliyopita Bi. Agatha alinikabidhi orodha ya majina, kwa kuwa mimi ndiye ninayepokea kazi yake. Namba Tisa niliisoma mara tatu. Ni Limi Ngeleja, mama mfugaji wa kule Ruaha, ambaye hajakaa darasani hata siku moja. Bi. Agatha alimwandikia majibu yake neno kwa neno. Nilipandwa na hasira, halafu nikaona aibu. Ningejua ni nani, nisingemsikiliza.

Masika ya mwaka jana mto ulivunja kingo saa nne asubuhi, siku ya masomo, ukaifunika tambarare ile kwa maji ya kimo cha mtu. Binti yangu Yusrah, anayeishi kwa bibi yake Kidodi, alikuwa darasani kilimani, akifanya hesabu.

Asante, Bi. Agatha. Tunakuombea afya, migomba yenye mikungu mizito huko Tukuyu, na siku nyingi za furaha. Yusrah naye anakuamkia: shikamoo.