Sahani ya Marehemu Egbert

Nje ya duka la kufulia nguo, pale Hackney, London, pana benchi ambalo halijawahi kutunza siri. Mwaka ule wa tisini na nne wenyewe walikuwa watatu, Wajamaika watupu. Bi Ionie, mjane, ndiye aliyekuwa na chupa ya kahawa iliyotiwa maziwa ya kopo, na kwa hiyo ndiye mwenyekiti. Shemasi alijipa ushemasi mwenyewe baada ya kanisa kumnyima. Besi alikuwa fundi wa makasha ya spika. Kazi ilimziba sikio moja, naye akalionea fahari kuliko lile zima. Jumamosi hiyo Bi Ionie hakutulia. Mapajani alipakata sahani ya santuri ndani ya foronya, na ng'ambo ya barabara, garini, mjukuu wake Keziah alikuwa anamsubiri aamue.

Umbea ulikuwa umeshafika kila jiko. Marehemu mumewe, Egbert, alikuwa na spika za densi zilizotikisa vyombo makabatini mtaa mzima. Enzi zake kila mwenye spika alichongesha sahani yake peke yake, nakala moja tu, ya kumtambia mpinzani. Sahani hizo ni laini, kila sindano ikipita inazitafuna. Na hii ndiyo pekee iliyobaki na sauti ya Egbert mwenyewe. Keziah, mpigaji wa jungle, muziki mpya wa mbio wa vijana, alitaka kuipitisha mara moja kwenye mashine yake, aichukue sauti ya babu aitie katika wimbo. Bi Ionie alikuwa ameificha chini ya godoro tangu mazishi, hakuna sindano iliyoigusa.

— Watamkimbiza kwa ngoma zao za mbio, alisema. Mume wangu hakukimbia hata siku niliyomfumania.

Shemasi akaeleza kwamba jungle ilizaliwa na ufinyu wa nyumba. London hakuna nafasi, basi vijana wakabananisha densi mbili ukumbi mmoja.

— Haba na haba hujaza kibaba, akamalizia.

— Hujui kitu wewe, alisema Besi. Wamechukua kipande cha ngoma, sekunde chache tu, kutoka sahani kuukuu ya Wamarekani. Wamekikatakata kama kitunguu, wakakipanga upya, wakakikimbiza. Hiyo ni juu. Chini wameiacha besi yetu ileile, inatembea kama mwenye nyumba.

— Vyote kwa pamoja?

— Ndio utamu wenyewe. Ngoma inapiga hatua mbili, besi moja, na hawagongani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Methali hiyo inaingiaje hapo?

— Inaingia kwa mlango wa besi, Shemasi. Kunywa kahawa.

Akaendelea kuzitaja aina za jungle, kama mkunga anayehesabu watoto. Yuko mwenye sauti za waghani wetu wa Kingston, huyo ndiye kifungua mimba. Yuko mpole, mwenye vinanda kama mawingu. Na yuko aliyekonda, ngoma na besi basi, hataki hata salamu. Shemasi akasema huyo wa mwisho ndiye anayechelewesha mabasi, maana madereva wanasikiliza ngoma badala ya taa. Besi akaapa kwamba yote yalianzia karakana kwake, siku kasha la spika lilipomponyoka ngazini.

Bi Ionie hakuwaambia kwamba alikwisha kwenda kumchungulia Keziah ukumbini, kajitanda kitambaa kama anayeumwa jino. Aliwaona vijana wameupenda wimbo. Hawakupiga makofi, walipiga kelele hadi ukasimamishwa ukarudishwa mwanzo, kama walivyokuwa wakimfanyia Egbert. Miguu ya watoto ilikimbia. Nyonga zake yeye zikafuata besi, na hakuachwa nyuma.

Hapo akatoka ndani mama mmoja mgeni, mwenyeji wa kisiwa cha Saint Vincent, na furushi lake la nguo zenye mvuke. Besi akamsimulia mkasa wote kabla hajaketi.

— Poleni, alisema mgeni. Na marehemu anasemaje humo?

Besi na Shemasi walikuwa wamecheza kwa sahani ile hadi mashati yakalowa, maneno hawakuyashika.

— Anawatukana wapinzani, alijaribu Besi.

— Anasali, alisema Shemasi.

Wote wakamgeukia mjane. Sauti aliikumbuka, na kile kikohozi kidogo cha kuanzia. Maneno akayatafuta, hakuyapata. Akakaa na foronya ile, akaipapasa ukingo kwa ukingo.

Kisha akainuka, akavuka barabara bila kutazama magari, akaingia akaketi mbele kando ya Keziah.

— Mara moja tu, mjukuu wangu. Na mimi nikiwapo.

Nyuma Shemasi alikuwa ameshainamisha chupa juu ya kikombe chake.

— Bi Ionie, kahawa imekwisha!

Mjane akashusha kioo cha gari.

— Pigeni kelele, alisema. Labda itarudishwa mwanzo.