Lorine Nasambu Owiti: Matroni Aliyewatoa Watu Ghorofani

Lorine Nasambu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 huko Kamukuywa, Bungoma, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wepukhulu na marehemu Mama Nabututu. Alipenda kuimba ingawa sauti hakupewa, na aliogopa ng'ombe maisha yake yote, jambo la aibu kidogo kwa mtoto wa Kibukusu. Ndugu zake walimtania kwa hilo hadi uzeeni, naye akawajibu kwamba ng'ombe nao walimwogopa.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1983, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1987. Baadaye alikuja Kisumu kusomea malezi na huduma ya kwanza. Mwaka wa 1990 aliajiriwa kuwa matroni katika shule ya bweni ya wasichana karibu na Maseno, na huko alikaa hadi alipostaafu mwaka wa 2019. Wasichana wake wengi wako hapa leo na wao ni mama wa watu. Wanakumbuka jinsi alivyokuwa akipiga kengele ya moto wakiwa bado na sabuni usoni, ili wazoee kutoka bwenini haraka. Wakinung'unika, aliwaambia, "Nichukieni, lakini nichukieni mkiwa nje."

Tarehe 9 Desemba 1995 alifunga ndoa na Frankline Owiti, dereva wa basi la shule hiyo, mwenyeji wetu hapa Kombewa. Siku hiyo upepo wa ziwa ulikuwa mkali. Katikati ya hotuba za wazee, bibi harusi aliinuka na gauni lake, akaenda kumwonyesha fundi kigingi cha hema kilicholegea, akasimama hapo mpaka kikagongwa, ndipo akarudi kukata keki. Frankline aliwaambia wageni, "Jamani, nimeoa askari." Mungu aliwajalia watoto wawili, Shantel na Walubengo.

Mwaka wa 2022 Shantel aliolewa na Robinson Aloo. Babake Robinson, Mzee Griffin Aloo, ana jengo la ghorofa saba kule Migosi, na kwa wema wake aliwapa Lorine na Frankline nyumba kwenye ghorofa ya tatu. Lorine alifurahi, lakini hakustarehe. Alikuwa mtu wa kushika mila. Mama mkwe na mkwe hawagusani, hawaketi karibu, wanasalimiana kwa mbali. Robinson alipokuja jengoni kumwona babake, mama huyu aligeukia ukuta pale ngaziani mpaka kijana apite. Wapangaji walicheka. Hata hivyo, walipotakiwa kuchagua mtu wa kuangalia usalama wa jengo, walimchagua yeye.

Kazi hiyo ilikuwa na masharti, na yalibandikwa pale langoni: mwangalizi akiona dalili ya hatari, ataijulisha ofisi ya ukaguzi wa majengo mara moja, bila kungoja ruhusa ya mwenye nyumba. Mwezi wa Machi mwaka huu wa 2025, Lorine aliona ufa kwenye nguzo kubwa ya chini, pale magari yanapoegeshwa. Milango ya ghorofa ya pili ikaanza kukataa kufunga. Alivaa viatu aende kuripoti siku hiyo hiyo, na familia ikamzuia.

Tuliona si heshima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wahenga hao hao ndio waliotuachia adabu ya wakwe. Neno gumu haliendi kwa mkwe moja kwa moja, linapita kwa jagam, mshenga aliyeiunganisha ndoa. Kwa hiyo habari ya nguzo ilipewa Mzee Ondiek, ambaye ndiye aliyesimamia posa ya Shantel. Alikwenda na sukari na majani, akanywa chai, akauliza habari za mvua na za mifugo, na mwishowe akagusia kwamba nguzo "imechoka kidogo." Mzee Griffin alijibu kwa upole kwamba amesikia, na baada ya Pasaka ataleta fundi. Adabu ilikwenda vizuri sana. Ufa nao ulizidi kwenda.

Fundi alikuja, akapaka saruji na rangi juu. Haikuchukua muda, rangi ikapasuka. Shantel alimpigia mamake simu akilia: "Mum, ukimripoti Baba Robinson kwa serikali, mimi nitakaa aje kwa hiyo boma? Watanifukuza." Frankline anasema mkewe hakula vizuri kwa wiki nzima baada ya simu ile. Alimpenda Shantel kupita alivyojipenda, na alijua anachohatarisha. Lakini kila alipopanda ngazi alipita milango ya watu waliomwamini.

Jumanne tarehe 6 Mei alikwenda mwenyewe ofisi ya ukaguzi, bila mshenga. Wakaguzi walifika siku hiyo hiyo, wakaichora nguzo alama nyekundu, wakaamuru watu wote watoke kabla ya saa sita mchana kesho yake. Kwa wakwe mambo yalichemka, na jioni hiyo Shantel alirudi kwa mamake na mabegi yake. Lorine alimpokea, akamwambia watazungumza wakishamaliza kuwatoa watu.

Jumatano alisimama langoni tangu asubuhi akiwataja wapangaji kwa majina. Mama Benta wa ghorofa ya tano alikuwa ameapa mbele ya wote, "Mimi nitatoka hapa nikiwa maiti." Kumbe alikwisha kubadili nia. Kwa kuona haya alishuka ngazi za nyuma kimyakimya, akaenda kwa dadake bila kuaga mtu. Lorine hakumwona akipita, akapanda kumbembeleza. Aligonga mlango wa nyumba isiyo na mtu, na upande ule wa jengo ukaanguka. Inatuuma kuliandika hili, na litatuuma daima.

Aliyefika wa kwanza ni Robinson. Alifukua kwa mikono mitupu mpaka kucha zikang'oka, akamwinua mama mkwe wake mikononi, akambeba hadi barabarani mbele ya macho ya watu. Hospitalini madaktari walipambana, lakini figo zilikuwa zimeumia sana.

Alipopata fahamu aliuliza, "Mama Benta alitoka?" Mama Benta alikuwa amemshika miguu. "Niko hapa, nyathina, mwanangu," akajibu. Kisha Lorine akauliza nani alimbeba. Robinson alikuwa amejificha nyuma ya mlango, kwa sababu ya ile haya ya mkwe. Alimwita aingie. "Mwanangu, usione aibu. Siku hiyo hukuwa mkwe, ulikuwa mtu." Halafu akamgeukia binti yake: "Na wewe, hizo bags rudisha kwako. Mimi niliripoti nyumba. Sikuripoti ndoa yako."

Lorine aliaga dunia Jumatatu tarehe 19 Mei 2025, alfajiri, Frankline akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Ameacha mumewe, Frankline Owiti. Watoto wake, Shantel na Walubengo. Mkwe wake, Robinson Aloo, ambaye sisi tunamwita mwana. Ndugu zake wa Kamukuywa. Na wapangaji wa ghorofa zote saba, waliokuja leo na watoto wao, wote wazima. Mambo ya Mzee Griffin yako mbele ya sheria, na hapa kaburini hatutayazungumza. Frankline ameomba isemwe tu kwamba mlango wake haujafungwa kwa mtu.

Mazishi yakiisha, Shantel na Robinson wataondoka pamoja. Mabegi yamo garini tayari, na aliyeyapakia ni Frankline mwenyewe, asubuhi ya leo, huku akilia. Mungu akulaze pema, Mama Shantel. Binti yako anakwenda kwake.