Mzee Silas Anyolewe kwa Wembe Upi?

Kijiwe cha Misugusugu kiko ubavuni mwa duka la mabati: benchi moja, birika la kahawa juu ya mkaa, na watu ambao ukiwauliza njia ya kwenda chooni watakupa historia ya choo. Ijumaa ile Limbu alifika na nyembe mbili za kukunja alizopewa na muuzaji achague mmoja. Mmoja una ncha kali, mwingine ncha ya mviringo. Hajawahi kunyoa kwa wembe wa namna hiyo maishani. Lakini kesho yake dada yake Juliana anaolewa, na baba yao, Mzee Silas, amegoma kutia mguu kanisani na madevu yale. Kiharusi kilimlegeza mkono wa kulia, wembe wake ukamponyoka ukavunjika sakafuni, na mashine za saluni hataki hata kuzisikia. Basi Limbu amejitolea kumnyoa.

— Chukua wa ncha kali, alisema Injinia, ambaye kule kiwandani Zegereni anafunga maboksi. Unaingia mpaka kona za pua.

— Na pua yenyewe? aliuliza Limbu.

— Pua tutaijadili baadaye, mwanangu.

Bunge, aliyepewa jina hilo kwa kutofunga hoja, akatua kikombe.

— Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Maana yake lowesha kwanza! Wale walikuwa vinyozi.

— Sasa wembe upi?

— Wowote. Muhimu upige magoti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kidevu kina mvungu.

Limbu alicheka, ingawa alikuwa karibu kulia.

— Ajifunzie kwenye puto, alisema Injinia. Apake povu, anyoe. Likipasuka, kafeli.

— Puto lina ndevu? alidakia Bunge. Aende Magindu kwa wafugaji akatafute beberu! Ndevu anazo, na hamsemi mtu.

— Beberu si atampiga kichwa?

— Wanne wamshike, wa tano amwimbie atulie.

— Wimbo gani?

Loo! Hapo ugomvi ukawaka. Injinia anataka wa harusi, Bunge anataka kaswida. Mwanamvua, mama aliyehamia juzi kutoka Kisarawe, alikuwa amesimama pale akisubiri kashata zake.

— Samahani kaka zangu, mzee mwenyewe anautaka upi?

Bunge alichungulia ndani ya kikombe. Limbu aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Tangu baba augue, nyumbani walimwamulia shati, uji, hata saa ya kulala. Akapiga simu, Juliana akamwekea mzee sikioni.

— Shikamoo baba. Kuna wembe wa ncha kali na wa mviringo. Nilete upi?

— Marahaba, sauti ilikuja polepole, nzito. Mviringo. Ule mwingine wa fundi. Wewe utanitoboa sikio.

— Sawa, baba.

— Na hao wanaopiga kelele ni nani?

— Wananishauri.

— Wasije!

Kisha mzee akacheka. Kicheko kilikwaruza, lakini kilikuwa chake kabisa, na Limbu hakuwa amekisikia tangu siku ile wembe ulipovunjika. Halafu akamsikia anafoka kama zamani:

— Juliana! Nitolee kiti nje, ninyolewe kwenye mwanga, majirani wanione!

Limbu aliuacha wembe wa ncha kali kwa Bunge aurudishe kwa muuzaji, akatoka mbio na ule wa mviringo, kahawa hajaigusa.