Boha Iliyogoma Kuchacha

Kahawa yangu ina tangawizi ya kutosha, lakini siku ile hakuna aliyeisikia. Mimi ni Hassani, mwenye birika na hili benchi la ubao karibu na stendi ya Lushoto, na niseme mapema: pombe sinywi, ila nimeisikia ikisemwa hapa mpaka naweza kuifundisha. Kristian tunamwita Povu. Anatembeza watalii, na bia zote za chupa zenye majina marefu ameshazionja kwa hela yao. Yohane tunamwita Shahidi, maana hakuna jambo lililotokea Usambara hii yeye asiwepo. Na siku ile alikuwapo Mzee Timotheo, kavaa koti la kanisani, pipa la bluu la boha liko miguuni pake. Saa sita gari lilikuwa liwapeleke Bumbuli kumposea mwanawe Emanueli. Mjomba wa binti ndiye wa kuionja kwanza ile pombe ya miwa. Akiitema, posa imekufa.

Timotheo alifunua pipa akainama. Hakuna povu. Akachovya kidole, akalamba.

— Tamu, akasema. Imekaa wee, na bado ni maji ya muwa.

Emanueli alikuwa amesimama pembeni na shati jeupe la pasi. Boha ya posa hupikwa na mposaji mwenyewe, baba haruhusiwi kugusa hata kata. Kwa hiyo macho yote yalimwendea yeye.

— Baridi hiyo, akasema Povu. Bia ina joto lake. Kule kwa wenzetu pipa wanalivalisha blanketi la umeme.

— Mama yangu hakuwa na umeme, na boha yake iliangusha wanaume, akajibu Timotheo.

— Ilibahatisha tu, mzee. Bia za siku hizi zina vipimo. Nimekunywa yenye ladha ya pasheni, nikanywa na yenye ladha ya kahawa.

— Kahawa si hii hapa unayokopa? nikamuuliza.

Shahidi akatikisa kichwa.

— Mlilifunika mno hilo pipa. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Methali hiyo ni ya watu, Shahidi, nikamwambia.

— Na pombe ni nini? Haipumui? Lakini mimi nasema ni ule mnara wa simu. Tangu wausimike, hata maziwa ya ng'ombe wangu hayagandi.

— Mnara gani, akadakia Povu. Huyo mjomba wa Bumbuli kaifunga hiyo pombe kwa maneno, ili aikatae bila lawama. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Mjomba hata nguo zetu hajaziona bado, nikasema, lakini Timotheo alikuwa ameshasimama. Alimgeukia mwanawe.

— Ule mwegea uliutia?

— Niliutia, baba.

— Ule ulioning'inia juu ya moshi jikoni? Kama ulivyo?

Emanueli akairekebisha kola ya shati. Hapo nami nikaweka birika chini.

— Niliuosha kwanza.

— Na nini?

— Maji ya kuchemka na sabuni. Ulikuwa na ukoko mweusi, baba. Kazini kwetu ndiyo sheria ya kwanza, chombo kichafu kinaharibu pombe yote.

Kijana anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha bia za wageni, njia ya Irente. Huko wanasugua mapipa kama wauguzi. Sasa kwa boha, vile vipande vya tunda la mwegea haviguswi na maji hata siku moja. Ule ukoko ndiyo hamira yenyewe. Unakaa humo tangu pombe ya mwaka juzi na ya miaka ya nyuma yake, na ndio unaochachua miwa mipya. Kijana wa watu alikuwa ameisugua hamira ya ukoo mzima ikaisha, akavianika vile vipande juani vipendeze.

Povu alitaka kucheka, nikamkata jicho.

— Mwegea ule nilipewa na mama, akasema Timotheo. Na yeye alipewa na mama yake. Umemuua bibi yako mara ya pili.

— Nilitaka iwe safi kwa ajili yao, baba.

— Kuna mwanamume hapa? Pombe ya babu zako imekushinda, mke utamweza? Bora binti wa watu abaki kwao.

Roho iliniuma. Nikamwambia taratibu, mzee, huyu ni mtu mzima.

— Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, akanijibu.

— Mwana huyu ana ndevu, Mzee Timotheo.

Hakunisikia. Alikuwa ameshampa kijana mgongo, anawauliza wenzangu cha kufanya. Povu akasema amiminie kreti mbili za bia ya pasheni, mjomba hatajua. Shahidi akasema gongo, kibuyu kimoja tu, aliwahi kushuhudia harusi ikiokolewa hivyo Mlalo. Povu akamwita mshamba. Shahidi akamwita kuwadi wa wazungu. Wakashikana makoti, kahawa yangu ikamwagika kwenye pipa, na Timotheo akawafokea wote wawili kwamba wamemmalizia msiba.

Katikati ya makelele hayo akafika Mama Emanueli, Modesta, kajifunga kitenge kipya, anahema.

— Shikamoo mama, akasema Povu, akaliachia koti la watu.

— Marahaba. Mbona mnapigana? Timotheo, tulia baba. Nilipita karibu na pipa alfajiri nikajua halijachacha, halina harufu ya pombe, na mwegea unanuka sabuni. Nikampigia mjomba wa binti nikamweleza yote, na sabuni pia.

— Umemwambia?

— Amecheka mpaka akakohoa. Anasema leteni maji yenu ya muwa hivyo hivyo, mwegea anao, watapika tena pamoja yeye na kijana. Anasema binti yake akipata mwanamume anayeosha vyombo bila kuagizwa, yeye ataka nini tena? Haya, gari lile pale. Emanueli yuko wapi?

Tukageuka. Pale pembeni hapakuwa na mtu. Shahidi akachungulia nyuma ya kibanda, akarudi. Modesta akapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, imezimwa.

Akatutazama mmoja mmoja, akaishia kwa mumewe.

— Timotheo, umemwambia nini mtoto?

Dereva akapiga honi. Timotheo akainama kulifunika pipa. Nilitaka kumjibu mimi, lakini maneno yale sikuweza kuyatamka mbele ya mama wa kijana.