Mgeni Niliyemvua Mtandio Mlangoni

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki mbali tena. Alfonsi, zima hiyo redio ya sebuleni. Loveness, kaa hapa kitandani, upande wa ukutani, nikuone uso. Mmeniahidi kwamba hamtanikatiza mpaka nimalize, na ahadi hiyo naishikilia, kwa sababu mkinikatiza nitapata pa kukimbilia, na mie nimekimbia mwaka mzima na miezi miwili.

Nianze na mali, maana hilo ndilo jepesi. Nyumba hii baba yenu Audax aliijenga chumba kimoja kimoja, Kinyerezi ikiwa bado pori na mitambo ya gesi haijafikiriwa, na hakuijenga ili nyie mje mweke ukuta katikati. Alfonsi, wewe una kwako Tabata. Hapa utakuja kama mwana wa nyumba, uingie bila kubisha hodi, lakini usiuze. Loveness akae, na akitaka kuhamishia saluni yake kwenye chumba cha mbele asizuiwe, hata kama majirani watalalamikia kelele za wateja. Nizikeni karibu na baba yenu. Sanduku liwe la kawaida. Hayo yameisha.

Sasa nisikilizeni kwa jambo lililoniweka hai wiki hii, maana daktari alishasema ningeondoka Jumanne.

Mnajua kwamba nilisimama mlangoni mwa kikanisa chetu miaka ishirini na sita. Tulianza watu kumi na mmoja, sie tuliotaka Misa ya Kilatini kama tulivyoikuta utotoni, padre akiielekea altare pamoja nasi, wanawake vichwa vimefunikwa. Siku ya komunyo yangu ya kwanza, kwetu Bukoba, mama yangu alinifunika kichwa kwa shela, kwa mikono yake, akaniambia, "Hii si ya kukuficha. Ni ya kukukumbusha uko mbele ya nani." Niliyapenda maneno hayo maisha yangu yote, na bado nayapenda, kwa hiyo mtu asije akasema Rosalia alikufa akiwa ameichukia shela. Nilizishona mwenyewe kwa lesi, nyeupe za wasichana na nyeusi za wake na wajane, nikazifua Jumamosi, nikazipiga pasi, nikazipanga kwenye kapu mlangoni kwa ajili ya mgeni aliyekuja bila kitu. Padre Fransis aliniambia tangu mwanzo, "Mama Alfonsi, mgeni mpe kiti kwanza, kisha kitabu, na shela akiiomba." Mie niliitikia ndiyo, nikafanya kinyume. Shela kwanza. Wengi walivaa wakakaa. Wengine walivaa, wakamaliza Misa, wakanirudishia kwa adabu na asante juu, na Jumapili iliyofuata sikuwaona. Nilisema moyoni kwamba hao hawakuwa wetu.

Loveness, mwanangu, wewe ulikuwa na miaka ishirini na tatu. Ulikuja umetoka kusuka, nywele zako zimekaa vizuri mpaka watu wanageuka, na shela umeisahau, au uliiacha makusudi, sijui, sikuwahi kukuuliza. Ulipokuwa kwenye mstari wa komunyo nilitoka mlangoni na shela mkononi nikakuvika kwa nguvu mbele ya watu wote, nikaibana na pini, na pini ikakuchoma. Mtu mmoja akacheka. Uliivua, ukaikunja vizuri kama nilivyokufundisha, ukaiweka kwenye benchi, ukatoka. Miaka tisa. Ulikuja hapa nyumbani Krismasi na Pasaka, ukapika, ukaniogesha nilipovunjika nyonga, lakini kikanisani hukukanyaga. Nami kila siku nilisali rozari nzima kwa ajili hiyo tu, kwamba urudi.

Ukarudi. Lakini hukurudi kwa mkono wangu.

Alfonsi, wewe humjui vizuri Atuganile, kwa hiyo nikueleze. Ni mwalimu mstaafu, Mnyakyusa, mjane, anakaa Segerea. Alikuja kwetu siku moja kichwa wazi, nikampa shela, akaipokea kwa mikono miwili, na nikafikiri nimepata mwanafunzi. Haikupita miezi sita wageni wakawa wanamkimbilia yeye. Hakuwa na kapu wala cheo. Alikuwa anahama kwenye benchi lake la mbele, anakwenda kukaa nyuma kabisa na mgeni, anamfungulia kitabu, anamwonyesha kwa kidole tumefika wapi, na Misa ikiisha anamuuliza kwao wapi na amekula nini. Mabinti walikaa naye kichwa wazi Jumapili mbili, tatu, halafu wao wenyewe ndio waliokuja kwangu kuomba shela. Kuomba! Mie niliyekuwa nawakimbilia nazo mkononi miaka yote. Watu wakaanza kusema, "Tangu Mama Atu aje, kikanisa kimejaa." Brightson, mzee wetu wa kanisa, aliyasema hayo mbele yangu huku natandika kitambaa cha meza, na nikatabasamu, nikakinyoosha tena kitambaa kilichokuwa kimenyooka.

Kumbe alikuwa anasukwa saluni kwako, Loveness. Hakukwambia urudi kanisani hata mara moja, wewe mwenyewe ulinieleza. Alikuomba tu umshike mkono Jumapili moja, kwa kuwa alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho na haoni ngazi. Ukamleta. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikakuona unakuja, na mguu wangu ukanyanyuka wenyewe kuja kukupokea, na wewe ukasema, "Shikamoo mama," ukapita naye. Jumapili ya tatu ulikuwa umejifunika. Sikukupa mie. Ulikuwa na mtandio wa bluu, mkuukuu, umefifia, wa Atuganile.

Miaka tisa ya rozari, wanangu, na Mungu alipojibu, sikuweza kusema asante. Nilikaa kwenye ubao wa mlangoni nikautazama ule mtandio wa bluu Misa nzima. Hata Mwili wa Bwana ulipoinuliwa sikuutazama. Niliona wivu mpaka mdomo ukawa mchungu kama nimemeza dawa bila maji. Nilijiambia, huyu amenizalia mtoto wangu mara ya pili, na watu wanampigia makofi. Tangu siku ile kila alichofanya Atuganile nilikichukia; alivyocheka nilichukia, alivyokohoa nilichukia.

Nipe maji kidogo. Basi, yanatosha.

Halafu Jumapili moja alikuja Chausiku. Jina lake nililijua baadaye. Ni mwenyeji wa Kimbiji, Mwislamu, na mume wake alikuwa Daniel, yule fundi wa kuchomelea mageti aliyesali nasi kabla hajaugua. Alikuwa amemaliza eda wiki ile. Kaka yake Mfaume alimleta kwa pikipiki, njia yote ile mbovu, akamsubiri ng'ambo ya barabara. Alitaka jambo moja, kumwombea mume wake Misa, na akae humo isomwe akiwepo, kwa sababu Daniel alimwomba hivyo akiwa kitandani. Kichwani alikuwa na mtandio mweusi, amejitanda vizuri kuliko mwanamke yeyote aliyekuwamo ndani. Yaani mgeni aliyekuja akiwa tayari amevaa kile nilichokililia miaka yote.

Misa ilikuwa imeanza, watu wote wamegeukia altare. Nikamwona Atuganile anainuka benchini, anapapasa njia kwa macho yake yale mabovu, anakuja kumpokea. Nikasema moyoni, huyu hapana, huyu ni wangu. Nikamkimbilia mgeni. Na kwa kuwa sikuwa na cha kumpa ambacho hakuwa nacho, nikamwambia, "Humu hatuingii na mtandio wa namna hiyo. Vua, nikupe wa kanisani."

Akaniambia kwa upole kabisa, "Mama yangu, huu nimeuvaa kwa ajili ya mume wangu. Niache niingie nao, nitakaa pembeni."

Nikanyoosha mkono nikauvuta.

Ukatoka wote. Nywele zake zikawa nje, barabarani pale, mbele ya vijana wa bodaboda na wapita njia. Akajishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Hakunitukana. Alisema tu, "Daniel aliniambia nyie ni watu wema," akauokota mtandio wake chini, akaenda kwa kaka yake. Nyuma yangu kengele ya Sanctus, ya Mtakatifu, ikalia, na mie nikapiga magoti. Nilipiga magoti, wanangu, na lesi mkononi.

Jioni Mfaume alimpigia simu Padre Fransis, akasema mama mtu mzima mmoja amemvua dada yake nguo ya heshima mlangoni mbele za watu. Padre akatuita, mie, Brightson, Atuganile, na wewe Loveness ulikuwepo kwa kuwa ndiwe uliyekuwa ukimshika Atuganile mkono. Padre akauliza, "Nani alikuwa na mgeni leo?" Na ulimi wangu ukasema, "Wageni ni wa Atuganile siku hizi, Baba. Kila mtu anajua."

Atuganile alinitazama. Kisha akakutazama wewe, Loveness, muda mrefu. Kisha akasema, "Kama mgeni ameumizwa kwetu, naomba radhi." Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Wewe ukauachia mkono wake. Nililiona hilo, nikalifurahia.

Kesho yake nilimfuata Segerea, nikidhani nakwenda kumnyamazisha. Nikamkuta anaanua nguo. Nikamuuliza, "Mbona hukusema?" Akanijibu huku anakunja shuka, "Mama Alfonsi, nikisema, yule binti atatoka tena, na safari hii hatarudi kwako wala kwa Mungu. Mie nina Misa parokiani kwangu hapa, naweza kwenda kwa miguu. Wewe una mtoto mmoja wa kike." Akaniletea chai. Sikuinywa. Nilirudi nyumbani nikimchukia zaidi, kwa kuwa hata wema alikuwa amenizidi.

Atuganile hakuja tena kikanisani, na wewe Loveness ukahamia benchi langu. Ukaniambia, "Nilidhani Mama Atu ni tofauti," na nikakujibu, "Watu ndivyo walivyo, mwanangu." Nikakuvika shela yangu nyeupe, ukainama nikakubana pini taratibu. Mwaka mmoja na miezi miwili umekaa ubavuni kwangu, na sijapata furaha kubwa kama hiyo, na yote niliiiba.

Usisimame. Loveness, kaa. Alfonsi, mwambie dada yako akae. Uliahidi.

Padre Fransis alipokuja juzi kunipaka mafuta nilimuungamia, akaniambia Mungu amesamehe, lakini nilichomnyang'anya mtu nikirudishe ningali na pumzi. Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyaagiza. Alfonsi, nenda Kimbiji wewe mwenyewe, usitume ujumbe wa simu. Mtafute Mfaume kwanza, umpe shikamoo hata kama mmelingana, umwambie ni mama yako aliyefanya, na jina lake ni Rosalia. Usiende na kitenge wala bahasha, wasije wakadhani tunanunua msamaha. Muulize Chausiku kama bado anataka Misa ya mume wake. Akikubali, aje na mtandio wake, akae mbele kabisa. Akikataa, usimbembeleze, Misa ya Daniel isomwe hata hivyo. Akikufokea, pokea. Mie ndiye ninayefokewa.

Brightson awasimamishe watu Jumapili ya kwanza baada ya mazishi yangu, alitangaze jambo hili bila kulipamba. Najua mtaona aibu. Mimi sitakuwepo kuiona, na hilo nalo ni woga wangu wa mwisho, naukiri. Cherehani yangu apewe Atuganile, pamoja na lesi zilizobaki kabatini. Na mlangoni asimame mtu anayependa watu. Shela ziwepo. Nasema tena, ziwepo, ni kitu kizuri, na msiache mtu aje kuwaambia ni za kizamani. Lakini mgeni akae kwanza. Apumzike. Ajue majina yenu.

Nimechoka. Subirini... nipate pumzi.

Alfonsi mwanangu, Mungu akulinde wewe na mke wako na nyumba yako. Usiwe na wivu kwa dada yako. Hii tabia inarithiwa, niliiona kwa mama yangu. Loveness, Mungu akupe... akupe moyo usiofanana na wangu. Msamaha sikuombi leo. Utaniambia ukiwa tayari, hata kaburini, nitasikia.

Nasikia sauti barazani. Atuganile amekuja, sivyo? Nilimtambua alivyokuwa anasalimiana na majirani. Mie ndiye niliyemwambia Alfonsi asimruhusu kuingia. Hata sasa, hivi ninavyoongea, nikifikiri kwamba nikishaondoka utamwita yeye mama, kifua kinaniuma kuliko huu ugonjwa. Siwezi kukudanganya tena. Bado naona wivu. Labda nitakufa nao.

Lakini nenda. Mfungulie. Mkumbatie hapo hapo mlangoni, nione... acha niumie kidogo, inanipasa. Mwambie yote. Mwambie nimesema mwenyewe.

Nenda, mwanangu. Halafu urudi kwangu.