Mistari yenye Kukutana na Mistari yenye Kupitana

Wamama na wababa wa hapa Nyakasanza, nimesikia wengi wakisema hapa mbele kwamba maisha imewatupa. Mimi pia ilinitupa. Nisikilizeni namna nilisimama.

Binti yangu alikufa, akaniachia wajukuu watatu. Kaka mukubwa wa baba yao akafika toka Aru.

"Mama bokilo, mukwe wetu, hawa ni watoto wetu. Weye unauza sombe sokoni, majani ya muhogo tu, utawalisha nini?"

"Sombe," nikamujibu.

Hakucheka. Akasema akirudia na kunikuta bila kazi ya kweli, anawapakia mu kamiyo, ile lori ya kwenda Aru.

Ndiyo ile miaka dispensere yetu ilipata plake za jua, zile mbao zenye kugeuza jua kuwa moto wa umeme, juu ya kupoza chanjo ndani ya frigo. Walitafuta mutu wa kufundisha kazi ya kuichunga, lakini lazima ajue kusoma shema, ile picha ya mistari yenye kuonyesha waya inatoka wapi na inafika wapi. Nikaenda. Mulinzi akanizuia mulangoni.

"Mama, hapa hatununue sombe."

"Nimekuja kusoma."

"Kusoma nini?"

"Jua."

Ndugu zangu, nawaambia, ile karatasi ilinipiga. Herufi sijui. Infirmière mumoja kijana, muuguzi wa pale, tulikaa naye benchi moja, akanionyesha plus na moins, alama ya kujumlisha na ya kutoa. Mimi nikaziita musalaba na kijiti. Alicheka mpaka machozi, kisha naye akaanza kusema musalaba.

Pale nilianguka ni kwa mistari. Kila fasi mustari unagusa mwenzake, mimi niliona ndoa. Ninafunga waya, fusible, kile kiwaya chenye kukata moto ukizidi, inaungua. Ninafunga tena, inaungua tena. Fundi mwenye kutufundisha akanitazama: "Sitwayene, unataka kutuchoma?" Nilirudi nyumbani nikiwaza ile kamiyo ya Aru.

Jioni ile nilikuwa ninasuka mujukuu wangu nywele. "Koko, unaumiza," analia. Ninapitisha nywele hii juu ya ile, ile juu ya hii. Mikono ikasimama. Kumbe zinapitana tu. Sijafunga kitu. Fundo iko kule mwisho peke yake.

Asubuhi nikamuuliza fundi: "Hii nukta nyeusi kwa mistari, ndiyo fundo?"

"Ndiyo, mama. Penye nukta waya zimefungwa. Pasipo nukta, zinapitana, hazijuane."

Basi, siku ya mutihani wakatupa shema ingine, mupya kabisa. Nikaweka kidole kwa plake, nikaingia kisanduku chenye kuongoza moto, nikafika kwa batri, nikapita fusible. Penye nukta, ninafunga. Pasipo nukta, ninapita sawa vile mutu anapita mbele ya bokilo mwenye wamegombana. Taa ya ampule ikawaka. Frigo ikaanza kunguruma.

"Nani amekusaidia?" fundi akauliza.

"Kichwa cha mutoto."

Yule wa Aru alirudia. Akanikuta na funguo za dispensere kiunoni. "Kazi gani hii, mama?" Nikamwambia ninachunga baridi yenye kutoka kwa jua. Alifikiri nimepata wazimu. Nikamupeleka akatia mukono ndani ya frigo. Kamiyo ikaenda bila watoto.

Ninashukuru Mungu. Ninashukuru yule infirmière, na fundi mwenye hakunifukuza hata nilimuunguzia fusible. Na nyinyi wamama mulioniuzia sombe yangu wakati niko masomoni, sitawasahau.

Somo langu ni moja: kama haujui kusoma, bado unajua kuuliza. Uliza. Haya ya kuuliza inapita, lakini mutoto akienda, ameenda.

Wajukuu wangu ni wale, kwa benchi ya nyuma. Simameni, wamama wawaone.